Uzi Kwenye Makali

Kisu kikinolewa ipasavyo upande mmoja, chuma chembamba hujikunja upande wa pili, kutoka mpini hadi ncha, kama uzi. Jicho huuona kwa shida, kidole hakidanganyiki. Uzi huo ukiachwa, kisu hukwama badala ya kukata, kisha uzi hukatika vipande na kuingia katika chakula cha mtu. Kazi ya kuuondoa ilikuwa yangu. Kazi ya kuuleta ilikuwa ya mke wangu.

Tulikaa meza moja, chini ya dirisha linalotazama barabara. Yeye alisugua kwenye kinoo, kisha akanisukumia kisu, upande wenye uzi ukinielekea. Mimi nilikiburuta juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, upande huu na upande ule, kwa mkono mwepesi. Hakuna kisu chenye uzi kilichopata kutoka mlangoni petu. Mteja mmoja alitaka kuondoka na chake kabla hakijanifikia.

“Hicho bado hakijazaliwa, bwana,” mke wangu alimwambia. “Keti.”

Kisha mama yake akaanguka na kuvunjika nyonga, naye akaenda kwao kumuuguza kwa muda. Muda huo ulipita mwaka. Kwenye simu tulizungumzia dawa, mvua na bei ya sabuni. Hakusema njoo, nami sikusema rudi. Tulikuwa na adabu kupita kiasi. Visu vya wateja nilivinoa kwa kinoo cha akiba. Kinoo cha mke wangu nilikiacha ndani ya beseni lake la maji, nikiyabadilisha kila asubuhi. Dada yangu alikuwa na maoni juu ya beseni hilo.

“Kaka, unafuga samaki?”

“Kikikauka kitapasuka.”

Akaenda zake.

Alikuwepo pia siku nilipoleta kifurushi kutoka kituo cha mabasi. Ndani ya gazeti kilikuwamo kisu cha jikoni cha mama mkwe. Barua haikuwemo. Dada yangu, ambaye hajawahi kuona kisu asikijaribu, alikishusha juu ya nyanya. Kikakwama kwenye ganda.

“Wifi kasahau kazi,” akasema. “Au mapenzi ya mbali ndivyo yalivyo, yanafika butu.”

“Lete hapa.”

Nilipitisha kidole gumba kutoka ubapani kuelekea nje. Uzi ulikuwepo, mpini hadi ncha, haukukatika popote.

Siamini kwamba vyuma hubeba salamu, kwa hiyo nilitafuta maelezo mengine. Huenda mgonjwa alimwita kabla hajamaliza; lakini aliyeitwa ghafla hakai kufunga kifurushi. Huenda hakuwa na ngozi. Lakini gazeti lile lile lingetosha, na ni yeye aliyenifundisha kutumia gazeti mwaka mkanda wetu ulipokatika. Alikuwa amekisukuma kisu kuvuka meza, basi. Zamu ilikuwa yangu.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokigeuza kwenye mwanga. Mikwaruzo ilikuwa myembamba, imelala sawasawa. Haikutoka kwenye ngazi ya saruji wala kwenye kitako cha sahani, anakonolea mtu asiye na kinoo. Alikuwa amenunua kinoo huko. Mtu hanunui kinoo mahali anapopita.

“Haya, uondoe huo uzi,” alisema dada yangu, “nikirudishe kituoni kabla basi halijaondoka.”

“Siuondoi hapa.”

Niliutungua mkanda msumarini, nikaukunja, nikautia begini pamoja na kisu. Yeye alisimama mlangoni, nyanya bado mkononi.

“Na visu vya watu?”

“Viko tayari kabatini. Wape wakija.”

“Wewe utarudi lini?”

Nilikwenda kwenye beseni, nikakitoa kinoo, nikakifuta maji kwa shati langu la kazi, nikakiweka dirishani juani.

“Si ulisema kitapasuka?”

“Hakipasuki,” nilisema.