Kilele Kilichokataa Kushuka

Mimi nina mdomo, sikatai. Fundi wa pampu aliponiambia, "Mama, fungeni matone kwanza, leza iacheni iwake, tuone kilele cha kwenye mchoro kama kitashuka," nilimwakia mbele ya maabara nzima. "Wewe baki na pampu zako!" Akaendelea kufuta mafuta mikononi.

Kilele chenyewe kilikuwa cha mwanafunzi wangu, binti tuliyemwita Mpole. Miaka mitatu alirusha matone ya heli yenye baridi kali, madogo mno hata macho hayayaoni, kila tone limebeba atomu moja ya sodiamu mgongoni. Leza ikiipiga atomu, elektroni yake inapanda juu sana, inabaki kidogo tu itoroke, lakini bado imeshikiliwa. Kwenye mchoro hapo panatokea kilele chembamba. Mpole alidai elektroni hiyo inalizunguka tone zima. Shahada yake yote ilisimama juu ya dai hilo.

Jumatatu, nikiwa peke yangu, nilifunga matone. Kilele hakikushuka hata kidogo. Jamani! Basi ulikuwa mvuke wa sodiamu tu, umevuja kutoka kwenye tanuri la kuichemshia, unaelea ndani ya chombo bila tone lolote. Na aliyezidisha joto la tanuri ni mimi, kwa pupa ya kuona matokeo. Nikafuta faili la kipimo hicho. Mchana Mpole akaniuliza koridoni kama nimeshafunga matone na kupima. "Mambo shwari, mwanangu," nikamjibu, wala sikusimama.

Ijumaa akasimama mbele ya watahini watatu. Mmoja wao, profesa mwenye sauti ndogo, akamuuliza, "Mlijaribu kufunga matone?"

"Ndiyo, profesa," Mpole akatabasamu. "Mama alifunga mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Uso sina pa kuuweka. Nikajikaza kisabuni.

"Nilifunga," nikasema. "Kilele kilibaki palepale."

Tabasamu la Mpole likayeyuka. Profesa akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Ulijua lini?"

Mpole alinitazama kidogo, akaelewa yote, kisha akawageukia wale watatu.

"Nisameheni, maprofesa. Kazi ni yangu, nilipaswa kufunga mwenyewe. Kosa ni langu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha alibebe.