Jumapili ya Kunyoana

Jumapili pale machimboni, upande wa Masumbwe, tulikuwa tunanyoana. Wembe mmoja, kundi zima. Makoye, mkuu wa duara letu, shimo tulilochimba pamoja, alikuwa na mkono mwepesi, na hakuna aliyekataa kichwa chake kupita mikononi mwake mpaka siku niliyorudi kutoka Shinyanga na wembe wangu mfukoni.

"Baba Zipora siku hizi bosi," alisema. "Vichwa vyetu vinanuka?"

"Tatizo ni damu yangu."

Nikawaeleza. Nina virusi vya ini, vinakaa kwenye damu. Hospitali kuna dawa inajaribiwa. Wagonjwa wengine wanapewa vidonge vyenye dawa, wengine vitupu, na hata nesi Generosa anayevigawa hajui nani kapata vipi.

Donatus akacheka. "Yaani unasafiri kutwa nzima kwenda kumeza unga?"

"Labda."

Makoye hakucheka. "Ukipona utarudi," akasema. "Kwa sasa kaa kando."

Ilianza kwenye wembe, ikafika kwenye sufuria. Nikamwambia Makoye ugonjwa huu haupiti kwenye ugali. Akasema anajua, ila wenzetu hawataki. Nikawa napika peke yangu nyuma ya turubai. Mke na watoto walikuwa Kolandoto. Machimboni sikuwa na ndugu zaidi ya hawa.

Nikameza vidonge. Nikaanza kuishiwa pumzi nikivuta kamba ya ndoo. Generosa akasema dawa yenyewe inaweza kupunguza damu. Nikafurahi. Vitupu visingenichosha hivyo.

Jaribio lilipoisha, daktari aliniita.

"Ini lako lilitulia ulipokuwa unameza," alisema. "Lakini virusi bado vimo. Na sasa umeacha dawa, ini linaweza kuchafuka tena."

"Kwa hiyo?"

"Tunasubiri dawa nyingine."

Nilifika machimboni Jumapili. Walikuwa wamekaa kwenye magogo, shingo wameinamisha. Makoye aliponiona akasogea kunipa nafasi.

"Vipi, Baba Zipora, umepona?"

Hakuna ambaye angeuliza karatasi ya hospitali. Neno moja lingetosha, nami ningekaa pale, nitaniwe, nile nao jioni. Donatus alikuwa anachuruzika damu nyuma ya sikio na hana habari, anapiga soga tu.

"Bado," nikasema.

Makoye akarudi alipokuwa, nafasi ikaziba. Nikaenda kuwasha moto wangu.