Kuyumba kwa Kinyozi

Kinyozi alikuwa amemkata mteja sikio, na siku hizi alitembea akiyumba. Mkewe alisema ni pombe. Mashemeji nao walisema hivyo hivyo, kwa mnong'ono uliokusudiwa kumfikia.

Sasa alikaa hospitalini, waya zimebandikwa mkononi, mkewe pembeni amekumbatia mkoba.

"Legeza mkono, kaka," mpimaji wa neva alimwambia. Alimshtua kidogo kwa umeme kwenye kifundo cha mkono, kidole gumba kikaruka. Alimshtua shingoni, kikaruka kwa wakati wake. Alipoweka kifaa cha sumaku juu ya kichwa, kidole kiliruka kwa kuchelewa. Akarudia, kikachelewa vilevile.

"Neva za mkono ni nzima," alisema. "Ujumbe ukitoka kichwani unakwama njiani. Inaelekea uti wa mgongo umebanwa shingoni. Daktari ataagiza picha ahakikishe. Huenda ukapasuliwa."

"Na miguu?" kinyozi aliuliza.

"Ujumbe wa miguu nao unapita shingoni. Ndiyo maana unayumba."

Kinyozi hakuuliza habari za upasuaji. "Dada, hilo la kuyumba lirudie, tafadhali. Mwambie huyu."

Mpimaji alirudia, taratibu, akimtazama mke.

"Na ile harufu ya pombe?" mke aliuliza.

"Spiriti ya kusafishia mashine za kunyolea," kinyozi alisema. "Nimeimba wimbo huo mpaka sauti imenikauka."

Mke aliweka mkoba chini, akaanza kumfunga vifungo vya shati. Asubuhi alikuwa amemwacha ahangaike navyo peke yake.