Sanda Saba za Bi Barafu

Chraaa!

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, ndefu na kavu, kama mlima unaopasuka. Ragna aliiachia brashi ikaanguka ndani ya sinki. Alikuwa na miaka tisa aliposikia mlima ukipasuka kwao Aislandi, na theluji ikashuka ikawaua watu saba wa kijiji chao. Miaka arobaini na minne baadaye, mwili wake bado ulikimbia kabla ya akili.

Akaingia ukumbini. Kitambaa cha saba, kile kifupi, kilikuwa kimechanika kutoka kwenye ndoano hadi chini, na mawe meusi aliyokuwa ameyatia ndani yake yalikuwa yametapakaa sakafuni. Vile sita vingine vilining'inia kutoka darini, vyeupe, na viwili vilikwisha kuanza kuachia.

"Sijagusa kitu," alisema Lionel, msimamizi wa maonyesho, mikono juu kama mwizi aliyeshikwa. "Saa sita na nusu hii, Ragna. Mgeni wa Berlin anafika saa nane. Na baada ya hapa sina ukumbi mwingine wa kukupa."

Hakuhitaji kukumbushwa. Miaka ishirini na sita alikuwa akihama na rangi zake: Rotterdam, kisha Unguja alikofundisha uchoraji miaka miwili, kisha Birmingham. Zamani magazeti yalimtaja. Siku hizi hata barua za kumkataa zilikuwa fupi. Kazi hii ya vitambaa na mawe ndiyo ilimrudishia jina midomoni mwa watu. Mgeni wa Berlin, mwenye jumba la sanaa, angeipenda, ingepanda ndege kwenda kwake. Asipoipenda, basi, mchoraji kwisha.

Akampigia simu aliyevishona vitambaa. Bi Mwanamize, Mzanzibari wa mtaa wa Alum Rock hapo hapo mjini, alifika kwa teksi ya mwanawe na mfuko wa sindano kwapani.

"Haya, Bi Barafu, kelele zote zile kwenye simu, nani kafa?"

Kisha akatazama juu. Mfuko ukamponyoka.

"Astaghfirullah! Nani kazitundika?"

"Mimi! Na zinachanika! Hukuzipinda, hukutia hata fundo moja. Fundi gani wewe, Bi Mwanamize?"

"Sanda haipindwi, mwanangu. Wala haitiwi fundo. Anayeivaa haendi sokoni."

"Anayeivaa? Nani aivae? Mimi nilikuagiza sanda. Kitambaa cheupe!"

Bi Mwanamize alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Kitambaa cheupe ni bafta. Sanda ni nguo ya maiti."

Ragna alikaa kwenye ngazi. Alimwona tena muuza vitambaa wa soko la Darajani, Unguja, akilipapasa jora na kusema, hii bafta ya sanda. Katika maneno yale yeye aliokota moja, lile lililomwia tamu. Wanafunzi wake walicheka kila alipolitaja, naye akadhani wanaicheka lafudhi.

"Ulinambia ni za watu saba wa kijijini kwenu," alisema Bi Mwanamize, sauti imeshuka. "Nikakuuliza wanaume wangapi, wanawake wangapi, umri gani. Ukanijibu yote, na unalia. Mimi naosha maiti mji huu mwaka wa kumi na tisa. Ningejuaje kama unataka pambo? Nilizipasua kwa mkono, nikazishona kwa nyuzi nilizozichomoa humo humo kitambaani. Ile fupi nilimshonea yule wa miaka sita."

Ragna aligeuka polepole. Wiki nzima aliamini ile ilikuwa fupi kwa sababu kitambaa kilipungua.

Yule wa miaka sita alikuwa Kári, mdogo wake. Sita walifukuliwa. Kári theluji ilimsukuma hadi baharini, na mama yao akabaki hana pa kupeleka maua. Ragna alikimbia nchi ile, akamchora mtoto yule mara mia katika miji ya watu, akasifiwa. Hajawahi kurudi. Na hakuna mtu aliyewahi kumpimia Kári kimo chake, ila huyu bibi aliyesimama mbele yake.

Lionel alikuwa amekwisha kuleta mashine ya pini. "Tunabana kwa ndani, hakuna atakayeona."

"Usizitoboe, baba," Bi Mwanamize alisema kwa Kiswahili, na Lionel, asiyejua hata neno, alirudi hatua moja.

Ragna alipanda ngazi. Akafungua ndoano ya kwanza, mawe yakaanguka kwa kishindo. Ya pili. Ya tatu.

"Unajua unachofanya?" Lionel alimpigia kelele. "Ukishusha, umekwisha!"

"Najua."

Saa nane ilipogonga, ukumbi ulikuwa na mawe na ndoano tu. Nje, Lionel alisikika akimwomba radhi mgeni. Viatu vya mgeni vilisogea hadi mlangoni, vikasimama, vikaondoka.

Wanawake wawili walikuwa wamekaa sakafuni, wanakunja. Ile fupi Ragna aliikunja mwenyewe, vibaya. Bi Mwanamize aliikunjua, akaikunja upya, akamrudishia.

"Na hii sasa utaipeleka wapi?"

Ragna aliibana kifuani.

"Kwa mama. Wiki hii, Bi Mwanamize, kabla hajafa naye. Nitamchimbia Kári kaburi, nitaitia ndani kwa mkono wangu huu, na sitamchora tena. Nakuahidi."