Kifungo Ndani ya Kitunguu

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya kitunguu nilichokikata kwa mkono wangu. Kilikuwa cha kachumbari ya mama mkwe, Bi Mwanamvua, aliyekuwa anakuja kula kwetu leo kwa mara ya kwanza. Nilijigamba kwamba nitaitengeneza mimi. Mke wangu, Shamimu, alinionya: "Ukishavitia chumvi vitunguu, vifikiche, uvioshe hapo hapo. Usivilaze." Sikio la kufa halisikii dawa, nikavilaza.

Humo ndani ni chumba kidogo kilichojaa maji, na maji yenyewe yanahama. Ukuta ni mabibi waliojipanga safu mbili, vichwa vya hawa ndani, vya wale nje, miguu yao ya mafuta ikikutana katikati. Wanasengenya.

"Mnakwenda wapi?" nayauliza maji.

"Nje. Chumvi kazidi huko. Tunakwenda kumpunguza makali."

"Bila hata kuaga?"

"Sisi hatuulizwi mlangoni," yakasema, yakapenya katikati ya mabibi.

Chumba kinasinyaa hadi ukuta unanigusa mabega. Naogopa kweli, maana namwona Bi Mwanamvua akiinua kijiko cha kachumbari iliyolegea kama tambara la kudekia.

Mara chumba ni nyumba ya harusi, nami niko nje, nimesimama na Chumvi aliyevaa kanzu nyeupe. Anapiga hodi, hajibiwi. Sukari anapita, kashikwa mkono na mshenga.

"Mbona yule kaingia?" nauliza.

"Ana mshenga," anajibu bibi mmoja. "Huyu kaja peke yake, kama wewe ulivyokuja kuposa."

Jibu hilo sikulipenda, ila lilikuwa la kweli.

"Bibi, maji nitayarudishaje?"

"Mwondoe huyu hapa nje, utie maji matupu ya baridi. Yatarudi yenyewe. Lakini na wewe, mbona umekuja mikono mitupu?"

Nikang'oa kifungo cha shati nililolalia. Nikauliza kitapita mlango gani.

"Kikubwa hakipiti mlangoni," akasema. "Humezwa." Wakajikunja, wakakizunguka, wakakimeza.

Nilipoamka shati lilikuwa halina kifungo. Nikakimbilia jikoni. Vitunguu vilikuwa vimelala hoi katika maji yao wenyewe. Nikayamwaga maji hayo, nikavisuuza, nikavilowesha katika maji baridi, nikakaa kuvilinda.

Mchana Bi Mwanamvua alitafuna, kitunguu kikalia mdomoni. Roho yangu ikatulia. Kisha akainua kipande kingine, akakielekeza dirishani. Ndani ya nyama ya kitunguu kilionekana kifungo cheupe.

"Baba," akaniuliza, "hiki kimeingiaje, na kitunguu hakijapasuka?"

"Kimemezwa, mama."

Shamimu akatazama shati langu. Mama mkwe akakiweka kile kipande pembeni ya sahani, akavuta bakuli la kachumbari karibu yake.