Palizi ya Osmund

Kwetu Madaba hakuna mwanamume anayealika watu palizini kwa mdomo mtupu. Mke hupika komoni, pombe yetu ya kienyeji, hupita jikoni kwa jirani, jirani hupita jikoni kwa mwenzake, na siku ikifika shamba linajaa majembe na nyimbo. Wanaume tunajifanya wenye mashamba, lakini habari zote za maana hutembea majikoni. Osmund alilijua hilo vizuri mno. Mkewe, Domina, alifariki kabla ya mvua za kwanza, na jiko lake lilikuwa limefungwa tangu siku ya mazishi.

Sasa mahindi yalikuwa yamefika magotini, na magugu nayo hayakukubali kubaki nyuma. Kila asubuhi Osmund alisimama ukingoni mwa shamba akitazama njia. Hakuna aliyekuja kuuliza palizi ni lini. Alikuwa mpweke, niseme wazi tu, mpweke wa kuzungumza na kuku. Magugu hayakumnyima usingizi kama ile hofu kwamba miaka yote watu walikuwa wakimjia Domina, na kwamba yeye hakuwa na mtu. Alichokitamani ni siku moja tu ya shamba lililojaa sauti za watu. Lakini kuomba hakuweza.

"Niwaite waje wanywe nini, maji ya kisima?" alimwambia jogoo.

Basi akaliendea trekta. Zamani Osmund alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Zilipoingia enzi za ruksa, wafanyabiashara wakaja na malori yao kununua mahindi huku huku mashambani, ushirika ukanyong'onyea, mitambo yake ikauzwa kama chuma chakavu. Osmund akachukua trekta kuukuu pamoja na mashine yake ya palizi, ile boriti ya chuma inayofungwa nyuma ya trekta, yenye vijembe vinavyoning'inia. Tulimcheka sana. Trekta la kulimia tunalijua, lakini la kupalilia? Si litakanyaga mahindi yote!

Halikanyagi likisetiwa vizuri, na kuseti ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikata kijiti akapimia nafasi kati ya mistari ya mahindi. Mistari ile aliipanda peke yake kwa kamba, akikimbia toka kigingi hiki mpaka kile, maana hakukuwa na mtu wa kumshikia ncha ya pili. Kisha akachora mistari kama hiyo uani kwa majivu, akalisimamisha trekta juu yake. Akalipiga jeki, akazigeuza rimu za nyuma ili magurudumu yapite katikati ya mistari. Bolti moja ilikuwa imelika, akapanda basi mpaka Songea mjini kuitafuta nyingine. Aliporudi alikuta kuku wamechakura majivu yote. Akawatukana, akachora upya.

Akashusha vijembe, akavisogeza kimoja kimoja kwenye boriti. Kwanza aliacha kiganja kizima kila upande wa mstari, ili shina lipate nafasi. Akainama, akatazama, akalegeza nati, akasogeza tena mpaka vikabaki vidole vitatu. Vijembe vya pembeni akavielekeza vitupe udongo shinani, uzike hata vile vijani vidogo vinavyojificha kwenye mstari wenyewe. Fundi asiye na mtu wa kumwambia "inatosha" huendelea tu.

Ijumaa akapalilia. Alikwenda mwendo wa kinyonga, shingo imegeukia nyuma, na mahindi yakabaki wima mstari baada ya mstari. Jioni shamba lilikuwa jeusi, safi kabisa. Osmund akacheka kwa furaha, akageuka ili amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu.

Jumamosi asubuhi akasikia nyimbo. Njiani walikuja watu na majembe mabegani, na mbele yao Notburga, dada wa marehemu Domina, amejitwika mtungi.

"Tumsifu Yesu Kristo, shemeji!"

"Milele amina. Karibuni. Kuna nini?"

"Kuna nini tena? Si palizi yako! Ulidhani dada yangu akifa na sisi tumekufa?"

"Mbona sikuambiwa?"

"Mbona habari ilipita majiko yote..." Notburga akautazama mlango uliofungwa wa jiko la dada yake.

Wakaenda shambani. Jirani yake Isidori akasimama mwanzo wa mstari, mdomo wazi.

"Jana nilisikia linanguruma, nikajua unalipasha moto tu. Baba, hapa umenyoa!"

Wakatawanyika mistarini wakitafuta pa kutia jembe. Hawakupaona.

"Basi kaeni, mnywe," Osmund akasema. "Kaeni tu."

Wakatazamana. Komoni ya palizi hunywewa na mtu ambaye jembe lake lina udongo, na majembe yao yalikuwa yanang'aa.

"Tunywe bure pombe ya mfiwa?" Isidori akasema. "Tutasemwa mpaka Pasaka."

Notburga akaamua mtungi uende kwa Romwaldi, ng'ambo ya kijito, ambaye mahindi yake yalikuwa hayaonekani kwa majani. "Twende wote, shemeji."

"Tangulieni, nitakuja."

Hakuwa na nia ya kwenda. Kwa Romwaldi angekuwa mgeni kwenye palizi yake mwenyewe, na moyo ulimuuma vibaya.

Walipopotea kwenye mteremko, Osmund akapiga magoti, akaanza kutambaa mstarini akipekua udongo kwa mikono. Alitambaa mpaka suruali ikalowa. Katikati ya shamba, chini ya jani la hindi, akakuta mchicha pori mmoja, mdogo kama kucha, umeponea hapo.

"Notburga!" akaita, akisimama. "Rudini! Yapo! Magugu bado yapo!"

Lakini walikuwa wamekwisha kuvuka kijito, na wimbo ulikuwa umepamba moto. Hakuna aliyegeuka.

Osmund akapiga magoti tena. Akaurudishia ule mchicha udongo shinani, akaushindilia taratibu kwa vidole ili usilale.