Siku Tuliyomtoa Mzazi Ndani

Mbwa ndio waliokosekana. Nilisimama uwanjani kwa Mama Sirili, kule Kibosho juu, matone ya masika yakinidondokea shingoni kutoka kwenye majani ya migomba, nikijiuliza ni kitu gani kinanikera kiasi kile. Hapakuwa na mbwa hata mmoja. Nyumba yenye mzazi, mwanamke aliyejifungua, kwetu haikosi mbwa. Wanatoka kwa majirani, wanatoka bondeni, wanajilaza mlangoni kusubiri mifupa, kwa sababu mzazi hulishwa. Mtori, supu ya mbuzi, maziwa, mafuta. Miezi mitatu yumo ndani, hashiki jembe wala hachoti maji. Siku ya kutoka lazima awe amenona. Mama yake akija kumtazama akakuta mashavu yamejaa, ukoo wa mume unatembea kifua mbele. Akimkuta amekonda, litasemwa hilo mpaka mtoto mwenyewe aoe.

Nikatazama ukutani. Hapakuwa na ngozi ya mbuzi iliyowambwa.

"Evelyn," nikamwita msichana niliyekuja naye, "huyu mzazi wetu Violet ulimwona lini mara ya mwisho?"

Akainama kufuta tope kwenye kiatu. "Kumwona kwa macho, mama?"

"Kwani kuna kumwona kwa masikio?"

Akaendelea kufuta kiatu kilichokwisha takata, na mimi nikapata jibu langu.

Ilikuwa mwaka 2001. Nilikuwa nesi niliyeacha wodi na kuingia katika mradi mdogo wa mama na mtoto, ofisi yetu ikiwa chumba kimoja pale Majengo, juu ya duka la vitambaa la Mahendra. Wafanyakazi wetu walizunguka majumbani kwa wazazi wapya: kutazama mtoto ananyonyaje, kitovu kimekauka, mama ana homa au hana. Mimi niliwasimamia, maana yake kila Ijumaa niliwasikiliza na kukisia ni nani ananidanganya. Utulivu sikuzaliwa nao. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata nikikaa, viatu vyangu vinaendelea kutembea.

Evelyn alikuwa mwepesi, mcheshi, anapendwa kila nyumba. Lakini kila Ijumaa, tukifika kwa Violet, habari ilikuwa ile ile: anaendelea vizuri, amelala. Nikamuuliza ni mzazi gani analala kuliko mtoto wake. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Mimi nilirudi nyumbani Njoro nikilitafuna lile neno. Jumamosi nikafagia uwanja, nikafagia tena. Jumapili sikumbuki hata padre alihubiri nini. Jumatatu nikamwambia Fredy, dereva wetu, awashe gari. Tope lilitukwamisha parokiani, tukamwacha akilinasua gari, mimi na Evelyn tukapanda kwa miguu.

Mama Sirili alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye gauni. Mwanamke mrefu, mifupa mitupu, amesimama wima.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Karibuni. Ila mzazi amelala."

"Tutamsubiri aamke." Nikavuta kigoda nikakaa chini ya upenu.

Alinitazama. Nami nikamtazama. Mvua ikakatika. Nyuma yake kihamba, shamba la ukoo, kilikuwa nusu kimevuliwa nguo, maana kahawa mwaka ule haikuwa na bei hata ya kumlipa mchumaji, na watu walikuwa wanang'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao wapande nyanya. Mwanawe Sirili, mume wa Violet, alikuwa amekwenda Mererani kuchimba bahati machimboni, na habari zake zilikuwa hazijafika.

Mtoto akalia ndani. Kilio cha mtoto anayedai nakijua, kina hasira na kinapendeza. Kile kilikuwa kimechoka. Nikainuka. Mama Sirili akatandaza mikono akashika miimo yote miwili ya mlango.

"Nesi, wewe si Mchagga? Usinifanyie hivi."

"Ni Mchagga, mama. Ndiyo maana nimeona hakuna mbwa."

Mikono ikashuka yenyewe.

Violet alikuwa amelala ubavu, blanketi mpaka kidevuni, macho makubwa katika uso mdogo. Nilipomgusa aliunguza. Titi la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, gumu, na mtoto alikuwa amesusa kwa kukosa. Jikoni kulikuwa na chungu cha ndizi zilizochemshwa kwa chumvi, basi. Evelyn akaanza kulia. Nikamwambia alie akifanya kazi, amshike mtoto.

"Msimlaumu mama," Violet alisema. "Anachokipata ananipa mimi. Yeye anakula maganda akidhani nimelala." Kisha akanishika mkono. "Mama yangu, kule Uru, asijue. Atakuja kunichukua. Atasema maneno mbele ya watu."

"Unakwenda hospitali leo," nikasema. "Hayo mengine baadaye."

Hapo ndipo Mama Sirili alipokataa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kutoka pale mpaka parokiani ni kihamba hadi kihamba, watu wote wako nje wanapalilia, na yeye hamtoi mke wa mwanawe hadharani akiwa mifupa. Evelyn akasema tutafute vijana na machela, na yule mama akamtazama mpaka akanyamaza. Hasira ilinipanda, sifichi. Nilitaka kumfokea kwamba mtoto wa watu anakaribia kufa na yeye anawaza majirani. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini niliona jinsi kola ya gauni lake ilivyomlegea shingoni kwa kukonda, nikayameza.

"Mama," nikasema, "akifia humu ndani, watasema nini?"

Aligeuka kumtazama Violet. Kisha akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni.

"Tokeni nje. Nitamwandaa mwenyewe."

Nilizunguka ule uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Evelyn alinifuata nyuma na mtoto, akiomba msamaha, nami nikimwambia anyamaze, nikimwambia aseme, sijui nilitaka nini. Mlango ulipofunguka nilisahau yote.

Violet alikuwa amenenepa. Gauni juu ya gauni, kitenge juu ya kitenge, sweta, shali ya kanisani, kanga imezungushwa kichwani na kupita chini ya kidevu hata mashavu yakafura. Uso umepakwa mafuta ukang'aa. Alitembea polepole, mkono kwenye bega langu, na uzito wote ulikuwa wa nguo.

"Tangulieni," sauti ya Mama Sirili ilitoka gizani nyuma ya mlango. "Nitawafuata." Kisha, kutoka humo humo ndani, akapiga vigelegele vya kumtoa mzazi, vikali, virefu, mpaka watu wakainua vichwa mashambani.

Tukateremka. Mwanamke wa kwanza alisimama na jembe lake, akatazama. Nikamkaza Violet kiunoni.

"Mae! Violet umenona!"

"Aika, mae," Violet akashukuru kwa Kichagga, na jasho la homa likimtoka.

Wa pili akaja mpaka njiani. Alimshika Violet mkono ili amvushe mfereji, na niliona vidole vyake vikizama katika lile sweta, vikitafuta mkono, vikakuta kijiti. Alisita. Akanitazama mimi. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde: "Kweli kwa Mama Sirili kuna chakula!"

Na ng'ambo wakaitikia.

Fredy alitufikisha hospitali, na wodini manesi walimvua kimoja kimoja, Evelyn akipokea na kuweka kitini. Vitenge, sweta, gauni la harusi ya mtu, gauni la Jumapili. La mwisho lilikuwa la bluu, limepauka, lenye kola pana, linanuka moshi. Evelyn aliliinua, akanitazama. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeliona mlangoni, mwenyewe akijifuta nalo mikono. Mama Sirili hakutoka kwa sababu hakubakiza kitu cha kutokea.

Evelyn akatoweka. Alirudi jioni na mama mmoja mfupi mwenye kikapu cha ndizi. Mama wa Violet. Nilimvuta Evelyn kando nikamuuliza ni nani aliyemtuma.

"Hakuna, mama," alisema, safari hii akinitazama usoni. "Ila huyu mgonjwa atapikiwa uji na nani?"

Leo nikiulizwa Evelyn alianza lini kuwa mfanyakazi wa kweli, nasema ni pale.

Yule mama alisimama miguuni pa kitanda akamtazama binti yake aliyekonda, muda wa kutosha kuona kila mfupa. Nilijiandaa kwa matusi. Akatazama ule mlima wa nguo kitini. Akalichukua gauni la bluu, akalinusa, akauliza ni la nani. Violet akamwambia, akilia, na akamwambia yote. Mama akalitia gauni kwapani. Aliomba kipande cha sabuni, akaenda bombani.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda Kibosho peke yangu na gauni ndani ya kikapu. Lilikuwa limekaushwa jikoni kwa wapishi wa hospitali na kupigwa pasi, sijui pasi aliipata wapi.

Nilibisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka. Nikaupa gauni. Baada ya kitambo Mama Sirili akatoka amelivaa.

"Mtoto?"

"Ananyonya. Titi moja, lakini ananyonya."

Akafumba macho, akafumbua. "Na njiani walisemaje?"

"Walisema kwako kuna chakula."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa haki yake. Kisha akainua mkono wa gauni mpaka puani.

"Nani amelifua?"

"Mama yake Violet."

Akashika mwimo wa mlango. Nikamsogezea kigoda.

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, mama. Alifua, akapiga pasi."

Aliinama ili akae, mkono mmoja umeshika kigoda, mwingine ukipapasa ile mistari ya pasi kifuani. Halafu akanyooka tena.

"Siketi," alisema. "Litakunjika. Twende nikamshukuru."